Anafunua ukurasa kabla maneno hayajaisha

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuifuta, na leo naituma kabla sijabadili mawazo.

Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa, yuko darasa la nne katika shule ya kimataifa inayofundisha kwa Kiingereza na Kifaransa. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Alihamia hapo akiwa na miaka saba, akitokea shule ya Kiswahili alikoanzia silabi zake. Kule nako alikuwa anasoma polepole kidogo, tukasema atachangamka. Dada yake mkubwa walihamia pamoja, na mwaka haukuisha alikuwa ameshazoea kama samaki majini. Kwa hiyo na huyu mdogo hatukuwa na wasiwasi.

Ukimsikia akicheza na wenzake kwa Kiingereza utasema kazaliwa nacho. Anatania, anabishana, anaamua ugomvi. Lakini kusoma hakuendi, na nilikuwa sijui hakuendi kwa kiasi gani mpaka mwezi uliopita. Usiku mmoja alikuwa ananisomea kitabu cha shule, anasoma vizuri tu, mimi namsikiliza huku nakunja nguo. Nikainua macho nikaona amefunua ukurasa ilhali mdomo bado unamalizia sentensi ya ukurasa wa nyuma. Nikamwangalia vizuri: macho hayakuwa kwenye maneno. Alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kumsikiliza dada yake. Nikamfungulia kitabu asichokijua. Akakaa kimya, kisha akasema tumbo linamuuma.

Tumbo hilo limekuwa la kila Jumapili jioni. Daktari amempima, hakuona kitu. Daftari lake la insha lina matundu kwa kufutafuta. Na juzi tukiwa njiani kwenda shule, bila hata kunigeukia, akaniuliza, "Mama, mtu anaweza kuzaliwa mjinga?"

Shule imetuita. Walituzungumzisha kwa heshima, siwezi kuwasingizia. Walisema mambo matatu. Kwanza, tusaini fomu ya ridhaa ili mwanasaikolojia wa elimu amfanyie tathmini, kwa Kiingereza, kabla muhula haujaisha. Pili, atolewe kwenye vipindi vya Kifaransa ili saa hizo akae na mwalimu wa msaada wa kujifunza. Tatu, tuache Kiswahili nyumbani, tuongee Kiingereza, kwa sababu lugha tatu zinamchanganya.

Baba yake amekataa la kwanza katakata. "Mwanangu hana kasoro, wasimpige muhuri." La tatu amelipokea siku hiyohiyo, Kiswahili kikakoma mezani. Tangu hapo tunakula kimya kama wageni. Bibi yake akipiga simu, mtoto anasalimia kwa neno moja tu kisha anampa dada yake simu. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba Kiswahili kitamharibia kichwa.

Mimi fomu naiogopa, na kutosaini pia nakuogopa. Kifaransa ndicho kipindi pekee anachokikimbilia, eti kwa sababu kule wote wanakosea. Nisaini? Nikubali atolewe? Au tumrudishe alikotoka, tukiri kwamba tulikosea? Usiku nahesabu miaka nikijiuliza ni lini hasa nilimpoteza.

Mama wa Njia Panda

*

Mama mwenzangu,

Asante kwa kutoifuta mara ya nne. Nimeisoma barua yako asubuhi na nimeirudia jioni, na kilichonikaa ni yale macho ambayo hayakuwa kwenye maneno. Wewe umelisimulia jambo hilo kwa uchungu, kama mtu aliyegundua kuwa amedanganywa. Naomba uliangalie tena pamoja nami. Mtoto anayekariri kitabu kizima kwa kusikia, akajua sauti ipande wapi na pumzi ivutwe wapi, ana kumbukumbu kali na anaielewa hadithi. Amebuni njia ya kujisitiri, na amekuwa akiibeba peke yake, kila siku, mbele ya walimu na mbele yenu. Hiyo ni kazi nzito kuliko kusoma kwenyewe. Sasa siri imetoka, na imetokea mikononi mwako, nyumbani, si mbele ya darasa. Hujampoteza. Ndiyo kwanza umempata.

Nikikuelewa vizuri, shule imewapa mambo matatu katika kikao kimoja, na kila mmoja wenu ameshika lake. Baba kashika la Kiswahili, wewe umebaki na hofu ya fomu, na mtoto, ambaye hakuna aliyemweleza kitu, kajitafutia jibu lake mwenyewe: kwamba yeye ni mjinga na lugha ya bibi yake ni sumu. Umeniuliza kama usaini. Kabla hatujafika huko, naona maswali mawili yamefungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni kama mtoto anachelewa kwa sababu bado anajenga Kiingereza cha darasani. La pili ni kama ana ugumu wa kusoma ambao ungemfuata kwa lugha yoyote. Kwa nje yanafanana mno. Msaada wake haufanani.

Tuanze na lile la lugha. Umesema ukimsikia akicheza utadhani kazaliwa na Kiingereza. Ni kweli, na hapo ndipo watu wazima wengi hupotea. Mwaka 1979 mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya kwanza hubebwa na uso, mikono, mpira uliopo miguuni na rafiki anayecheka, na mtoto mgeni huweza kuipata kwa takriban miaka miwili. Ya pili ndiyo ya kitabu cha sayansi, ya swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno, ya insha isiyo na mtu wa kukusaidia kwa kutikisa kichwa. Hiyo huchukua miaka mitano hadi saba mtoto kulingana na wenzake waliokua nayo. Mwanao ana miaka miwili na kitu tu katika shule ya Kiingereza. Mdomo wake umefika, kalamu bado iko njiani, na hilo peke yake halina ugonjwa ndani yake. Dada yake kutangulia hakubadilishi hesabu hiyo. Tena yeye alihama akiwa mkubwa zaidi, bila shaka akiwa tayari anasoma Kiswahili bila kikwazo, na anayejua kusoma kwa lugha moja hahitaji kujifunza upya kwamba herufi ni sauti. Anahamisha mzigo tu kutoka bega moja kwenda jingine.

Ningeweza kuishia hapo nikakuambia subiri, atakaa sawa. Lakini kuna sentensi uliyoipitisha haraka: "Kule nako alikuwa anasoma polepole kidogo, tukasema atachangamka." Hiyo nimeisoma mara kadhaa. Maana Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, ba ni ba leo na kesho. Kiingereza hakimpi nafasi hiyo: *though*, *through* na *cough* zina mkia uleule wa herufi nne, na kila moja inatamkwa kivyake. Sasa mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha sauti na herufi ambao hauhusiani kabisa na akili, katika lugha iliyonyooka kama yetu mara nyingi hakosei sana. Anakuwa mzito tu. Anafika, lakini amechoka. Watu wanaona anafika, wanasema atachangamka. Akihamia kwenye Kiingereza ndipo tatizo linaanza kuonekana kwa macho.

Sisemi mwanao ana disleksia. Siwezi kulijua hilo kwa barua, na ninakusihi usilihitimishe wewe wala mwalimu wake. Ninachosema ni kwamba barua yako ina ushahidi wa pande zote mbili, na huenda zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Mtoto anaweza kuwa bado anajifunza lugha na pia akawa na ugumu wa kusoma. Kuongea lugha tatu hakumletei mtu disleksia, wala hakumkingi.

Kuna jambo unaweza kulifanya nyumbani wiki hii, bila fomu na bila mtu mwingine kujua. Kaa naye pahali mlipokaa siku ile ya nguo, mpe hadithi fupi ya Kiswahili asiyoijua, uangalie. Usimsahihishe. Angalia kama anasoma neno zima au anaunganisha silabi kila mara kana kwamba hajawahi kuliona, hata lilipotokea mstari wa juu. Angalia anachoka baada ya muda gani. Kisha funga kitabu, umsimulie wewe hadithi nyingine, naye akurudishie kwa maneno yake. Kama kusimulia kwake ni kutamu na kusoma kwake ni kuzito, andika hivyo hivyo kwenye karatasi, na tarehe. Si kipimo hicho. Ila ni habari ambayo hakuna mtu shuleni anayeweza kuwa nayo, maana wao hawajawahi kumsikia kwa lugha aliyo na nguvu nayo.

Na hapo ndipo tunaifikia fomu. Naona mnajadiliana kama tathmini ifanyike au isifanyike, na sijaona swali la tathmini gani. Mimi ningelianza na hilo. Mwanasaikolojia akimpima msamiati na uelewa kwa Kiingereza peke yake, sehemu ya kitakachopimwa ni muda aliokaa na Kiingereza. Hili si jipya. Mwaka 1984 Cummins huyohuyo alichapisha uchambuzi wa ripoti za watoto zaidi ya 400 waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili, akaonyesha jinsi walimu na wapimaji walivyowasikia watoto wakiongea vizuri, wakadhani lugha imekwisha kutosha, na alama ndogo zikaitwa upungufu wa mtoto. Hofu ya mume wako ya kupigwa muhuri ina msingi kuliko anavyojua yeye mwenyewe.

Lakini fomu ni karatasi ya mazungumzo. Mnaweza kurudi shuleni mkauliza kabla ya kusaini: Je, mpimaji anajua kwamba ana lugha tatu, na kila moja ameishi nayo kwa muda gani? Atapatikana mtu wa kumsikiliza kwa Kiswahili, hata kama ni mkalimani aliyeandaliwa? Atatumia vipimo visivyotegemea sana msamiati, kama kumsomesha maneno ya kubuni yasiyo na maana, au kumtaka ataje kwa haraka picha anazozifahamu? Macho na masikio yamepimwa? (Hili la mwisho hurukwa mara nyingi kiasi cha kushangaza, na hugharimu muda mdogo kuliko yote.) Nani ataisoma ripoti, itakaa kwenye faili gani, na ikiandika jambo msilokubaliana nalo mnaweza kuongeza maelezo yenu? Na kubwa zaidi: ripoti ikishatoka, kesho yake darasani kitabadilika nini? Shule ambayo haina jibu la swali hili inatafuta jina. Shule yenye jibu inatafuta njia.

Kusaini kuna hatari yake. Ripoti iliyofanywa kwa haraka inaweza kumfuata mtoto miaka, na walimu wengine wakishasoma jina la tatizo huacha kumtarajia chochote. Kutosaini nako si kukaa salama, maana muda unakwenda. Mtoto mwenye ugumu wa kusoma hufaidika zaidi akianza mapema kufundishwa kwa utaratibu, sauti kwa sauti, hatua kwa hatua. Na huko mbele, kwenye mitihani mikubwa ya mitaala mingi ya kimataifa, muda wa ziada, ambao kwa kawaida ni robo ya muda wa mtihani, hutolewa kwa ushahidi wa kitaalamu, si kwa maombi ya mzazi. Ipo pia njia ya katikati: kuomba mwalimu wa msaada amfundishe kusoma kwa utaratibu huo kwa miezi michache, maendeleo yaandikwe kila wiki, kisha ndipo mwamue. Mtoto anayechelewa kwa sababu ya lugha mara nyingi hushika upesi akifundishwa vizuri. Anayeendelea kukwama pamoja na mafunzo hayo amewapa nyote jibu fulani. Ubaya wake ni kwamba "miezi michache" hugeuka mwaka kama hakuna aliyeandika tarehe ya mwisho.

Kuhusu Kiswahili mezani, hapa nitasema waziwazi zaidi, na naomba umsomee mume wako sehemu hii ukiwa umetulia. Wazo kwamba lugha nyingi zinamchanganya mtoto ni la zamani, na lilipata nguvu kwa sababu tafiti za mwanzo zililinganisha watoto wasiolingana kimaisha. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert, huko Montreal, waliwapima watoto wa miaka kumi wakizingatia tofauti hizo, na wenye lugha mbili hawakuwa nyuma. Katika vipimo vingi walitangulia. Mume wako hakukosea kwa nia mbaya. Aliambiwa jambo moja ambalo angeweza kulifanya kwa mikono yake, usiku uleule, naye akalifanya. Baba mwenye hofu hupenda kupewa kazi. Ila kazi hiyo imemwondolea mtoto pahali pekee alipokuwa hodari. Ndani ya Kiswahili ndimo mnamoweza kumweleza kwa nini mvua inanyesha, kumuuliza angefanya nini kama angekuwa yeye mfalme wa hadithi, kubishana naye mpaka atafute sababu ya pili na ya tatu. Fikra hizo hazibaki kwenye Kiswahili. Huvuka naye kwenda darasani. Kiingereza cha mezani kinachowafanya nyote mkae kimya hakimfundishi Kiingereza.

Labda mpe baba kazi nyingine. Yeye amsomee mtoto kwa sauti kila usiku, lugha yoyote aipendayo, kitabu kigumu kuliko kile ambacho mtoto angeweza kukisoma mwenyewe. Asimwombe asome. Amsomee tu.

Kifaransa kinanipa shida kukisemea, nakiri. Saa za msaada lazima zitoke mahali, na shule haina siku yenye saa thelathini. Kumpunguzia mzigo si wazo baya kwa lenyewe. Ila umeandika kwamba anakikimbilia kwa sababu kule wote wanakosea, na hiyo ni sababu nzito sana. Ni chumba ambamo kukosea hakumtofautishi na mwenzake. Kumtoa humo ili akakae peke yake na kile kinachomuumiza, huku wenzake wakimwona akitoka, kunaweza kumgharimu zaidi ya saa atakazozipata. Kwa upande mwingine, kama Kifaransa kitaanza kudai kusoma na kuandika kwa wingi mwaka ujao, raha hiyo inaweza kuisha. Uliza kama anaweza kubaki kwenye mazungumzo na michezo akapunguziwa kuandika. Uliza kama mwalimu wa msaada anaweza kuingia darasani badala ya mtoto kutolewa. Na muulize yeye mwenyewe. Ana miaka tisa. Anajua siku yake inavyokwenda kuliko sisi sote.

Kumrudisha alikotoka kunawezekana, na nisingekuita mshindwa ukifanya hivyo. Swali langu ni dogo tu: kule kuna mtu wa kumsaidia kusoma? Kama hakuna, na ugumu upo, ataondoka nao.

Sasa lile tumbo. Daktari hakuona kitu, lakini tumbo linauma kweli. Hofu hukaa mwilini, na mtoto asiye na maneno ya kuisema huionyesha kwa kidole. Jumapili jioni mnapoliona linakuja, msimwambie hana kitu. Mwambieni mnajua linauma, na mnadhani linajua kesho ni Jumatatu. Mweleze pia mwalimu wa darasa kuhusu matundu ya daftari na umwombe jambo dogo: kwa sasa asimsomeshe kwa sauti mbele ya wenzake bila kumwandaa. Kwa jambo hilo moja hakuna fomu inayohitajika, na linaweza kuanza keshokutwa.

Hukuniambia ulimjibu nini njiani siku ile. Nadhani ulinyamaza, kama ambavyo wengi wetu tungenyamaza. Hujachelewa kujibu. Mwambie umelifikiria swali lake. Mwambie kusoma ni kazi ambayo kila kichwa hujifunza kwa njia yake, kwamba cha kwake kinahitaji njia ambayo bado hajaonyeshwa, na kwamba wakubwa wanaitafuta. Mwambie uliona alivyokikariri kile kitabu, na kwamba wewe usingeweza. Usimwahidi kuwa mambo yatakuwa rahisi, atakukamata.

Halafu mpigie bibi yake simu, mbele yake, kwa Kiswahili, baba yake akiwa sebuleni anasikia. Usimpe simu. Acha tu bibi aanze hadithi mojawapo ambayo mwanao anaijua, na aikosee makusudi katikati. Kisha uniandikie, tafadhali, nijue ilichukua muda gani kabla hajaidaka simu kumsahihisha.

Wako katika safari hii,
Mshauri